Benchi la plastiki lililokataa kuzama Birongo

Wakuu, heshima kwenu.

Haya niliyaona mwenyewe, nikiwa nimesimama mtoni na suruali imelowa hadi kiunoni. Mwenye kutaka kucheka na acheke, ila asiseme nimetunga.

Mimi ni mzee wa kanisa huku Birongo. Tunasali Jumamosi, na pombe kwetu haiguswi. Mchwa walikuwa wameyamaliza mabenchi yetu ya mbao, ndipo nikalishauri baraza tununue ya plastiki.

Hutengenezwa Keroka na kikundi cha Mama Kemunto. Akina mama hao huokota chupa na vizibo kwenye steji na mitaroni, huviosha, huvisaga, kisha huviyeyusha na kuvikandamiza viwe mbao. Msumari unaingia, mchwa haingii. Ni recycling ya kuheshimika.

Makanisa mengine mawili yalisubiri kuona tutayapokeaje mabenchi hayo kabla ya kuagiza. Kwa hiyo Mama Kemunto aliyaleta mwenyewe, akaketi nyuma Sabato ile na kutazama.

Kwenye benchi la pili, katikati ya kikalio, kizibo kimoja hakikuwa kimeyeyuka. Chekundu, kimezama ndani ya ubao kama jicho. Mzee Nyakundi, mwenzangu barazani, alikitazama mara moja akatangaza kuwa ni cha chupa ya pombe kali. Akataja na aina yake.

Alikijuaje? Hatukuuliza. Kuna maswali ambayo adabu huyazuia.

Benchi likabaki tupu. Watu walisimama ibada nzima kana kwamba limepakwa rangi mbichi.

Barazani, Nyakundi akataka mabenchi yote yarudishwe. Mama Kemunto alijua maana yake: yakirudi yetu, hakuna kanisa litakalonunua. Mzee mwingine akapendekeza njia ya kati, kwamba lile moja lenye kizibo libatizwe.

Nilipinga. Ubatizo hufuata toba, na ubao hauna cha kutubu. Nikashindwa kwa kura.

Jumapili tukalibeba hadi mtoni tunakobatizia. Mama Kemunto akafuata nyuma.

Tukalizamisha. Likaibuka. Tukalizamisha tena, likaibuka na kuanza kwenda zake na maji. Nikalikimbilia.

"Mnaona?" Nyakundi akasema. "Linakataa."

"Plastiki huelea, mzee," nikamjibu. "Hata ingekuwa ya chupa za maziwa."

Hakunisikiliza. Akaamuru wazee walikalie ili uzito ulishushe. Wakaketi wanne, tai shingoni, maji kifuani, Nyakundi katikati, juu ya kizibo chenyewe. Benchi likazama.

Mama Kemunto akamwuliza Nyakundi kutoka ukingoni, bila kupaza sauti, akimwita baba kwa Kikisii.

"Sasa, tata, linakalika au halikaliki?"

Tulilirudisha kanisani likidondosha maji njia nzima, na Sabato iliyofuata lilijaa kabla ya wimbo wa kwanza.

Nililojifunza ni hili. Kizibo kile kilipokuwa mtaroni tulikiruka kila siku, na hakuna aliyekiombea. Kilipookotwa, kikaoshwa na kufanywa kitu cha maana, ndipo tukaukumbuka utakatifu wetu. Hiyo si dini, wakuu. Ni uvivu uliovaa tai.

Makanisa yale mawili yameagiza. Ila moja limemwuliza Mama Kemunto kama mabenchi yao yatakuja yakiwa yamekwisha kubatizwa, na yeye amenitaka ushauri.

Nimwambie ajibu nini? Karibuni, ila kwa hoja.