Inchi za Mkanda wa Jeshi

Nilipopata mkanda wa jeshi ubavuni kulia, kila asubuhi niliupima kwa futi. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Wahindi, Kariakoo, na futi haikunitoka shingoni. Ningepima kifo kwa nini kingine?

Maana mtaa mzima ulijua: malengelenge yakizunguka kiuno, vichwa viwili vya mkanda vikakutana, umekwisha. Nami virusi vya Ukimwi nilikuwa navyo. Niliambiwa nikiwa mjamzito. Mwanangu alipimwa, hana, na huo ndio mzigo pekee nilioutua mwaka ule.

Wifi yangu ndiye aliyeyaona malengelenge kwanza. Alikoroga masizi ya sufuria kwenye mafuta ya nazi, akanichora mstari tumboni na mwingine mgongoni ili mkanda usivuke. Kisha akambeba mwanangu wa mwaka na nusu mgongoni, akaenda naye kwake Buguruni.

"Vichwa vikikutana, mtoto asiwepo," alisema. "Kaka yangu nilimwona kwa macho yangu."

Kaka yake ndiye mume wangu. Alipata mkanda, miezi michache baadaye tukamzika. Nikamfungashia nguo za mtoto. Lakini hasira ya kuchukuliwa mtoto kama vile nimeshakuwa maiti, hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Basi nikawa napima sehemu iliyo safi, kutoka kichwa kimoja cha mkanda nikizunguka hadi cha pili. Jumatatu inchi kumi na tisa. Jumatano kumi na nane na nusu. Jumamosi kumi na nane. Nilikaa nyuma ya cherehani nikipiga hesabu ya siku zilizobaki, nikamshonea mteja mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia.

Siku yangu ya kliniki ilipofika nilimwambia nesi waziwazi kwamba zimebaki inchi kumi na nane. Hakucheka. Alinifunua blauzi, akatazama, akauliza nimekula lini. Sikukumbuka vizuri.

"Umekonda, dada. Kiuno chako ndicho kinachopungua," alisema. "Huu mkanda haukutani. Unafuata mshipa wa fahamu wa upande mmoja, ukifika katikati unaishia hapo."

Fundi mzima, na sikupima kiuno.

Akanieleza kwamba ni vile virusi vya tetekuwanga niliyougua utotoni. Hulala mwilini miaka na miaka, kinga ikishuka vinaamka. Vina ndugu zao wa malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri, na karibu kila mtu anabeba mmoja wao bila kujua. Kisha akaligeukia benchi la wagonjwa, akaomba aliyewahi kuugua lolote kati ya hayo anyooshe mkono. Ulinyooka mmoja, wa pili, halafu karibu benchi zima.

Mama mmoja mnene, mkaanga samaki wa Feri, alinionyesha kovu lake.

"Wangu una miaka minne, mdogo wangu. Nilivyokuona na hiyo futi nikajua umekuja kunipima sanda."

Benchi likacheka. Mimi nililia.

Nesi alinipa vidonge, akasema nifunike malengelenge, na mtoto asiyaguse mpaka yakauke, kwa kuwa bado hajaugua tetekuwanga. Kwa hiyo wifi alifanya sawa kumwondoa, kwa sababu ya kijinga. Hilo liliniudhi zaidi.

Magamba yalipokauka nilikwenda Buguruni. Wifi alinifunua hata kabla sijaketi. Akaona mabaki ya mstari wake mweusi mgongoni, na mkanda umeishia vidole viwili kabla ya kuufikia.

"Unaona?" akasema. "Masizi yangu hayo."

Nilikuwa nimebeba maelezo yote ya nesi tangu Kariakoo, yamepangika kichwani. Mwanangu alikuwa mlangoni kashika kipande cha muhogo, ananitazama.

"Sawa wifi, masizi yako," nikasema. "Mtoto nipe."