Mpimaji wa Nyumba Yetu

Mpimaji wa ofisi ya urbanisme, ile ya mipango ya mji, alikuja kwetu Kasongo kuchunguza kama nyumba yetu ndefu ya kupanga inaweza kugawanywa na kuuzwa chumba kwa chumba. Mikono yake mikubwa ilishika utepe kwa upole. Kwenye kila mlango alivua viatu, hata palipokuwa na sakafu ya udongo, na kila kipimo alikitamka kwa sauti ya chini kabla ya kukiandika. Mwishoni alitukusanya uani.

“Iko mupangaji mwenye anakataa?” akauliza. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale, tukanyamaza. Mpimaji akauliza tena, akimtazama Mama Aurélie, mjane aliyeishi pale miaka kumi na tisa. “Mama, sema tu. Niko naandika yote.” Mama Aurélie akainamisha kichwa. Mpimaji akauliza mara ya tatu, kalamu ikiwa hewani, kisha akaandika taratibu: hakuna. Aliondoka akisukuma baiskeli, ingawa njia ilikuwa ya mteremko, na kila baada ya hatua chache aligeuka nyuma. Tulijua anangoja nini, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwita. Vyumba viliuzwa. Mama Aurélie alipofunga vyungu vyake kwenye pikipiki arudi kwao Wamaza, nilimsaidia kukaza kamba. Hakunilaumu.