Taja Jina la Marehemu

Niliaibika makaburini mbele ya watu wote wa Usevya, na sina wa kumlaumu.

Padri alikuwa safarini na katekista anaumwa, basi baba mkubwa akanikabidhi kitabu cha sala kwa ajili ya maziko ya babu. "Wewe ndiye msomi wetu. Babu yako alikusomesha, leo utamsindikiza."

Nikajidai kumfafanulia kwamba sala zile ni fomula: maneno yamekwisha kupangwa na Kanisa, hayaongezwi wala hayapunguzwi. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa. Mimi nikaanza kuogopa maneno yangu mwenyewe. Nikiruka neno, je? Nikikosea, babu atapokelewa? Nikaapa kusoma kila kilichoandikwa, hata kwenye mabano.

Kaburini nikakazia macho mistari.

"Ee Bwana, mpokee mtumishi wako, taja jina la marehemu."

Watu wakaitikia "Amina" kwa kusitasita. Nikaendelea. "Umsamehe ndugu au dada yetu, taja jina la marehemu, makosa yake yote."

Nyuma vijana wakaguna. "Oya, msomi!" mmoja akanong'ona. Shangazi akajifunika mdomo kwa khanga, nilidhani analia. Nikapaza sauti, nikasoma vilevile mara ya tatu.

Ndipo bibi akainuka kwenye mkeka, macho mekundu.

"Mjukuu wangu, umemsahau mume wangu? Anaitwa Leonsi. Ni jina hilohilo tulilokupa wewe."