Gemu la Bunduki Nililotakiwa Kununua

Mjukuu wangu wa kike ana seli mundu. Mifupa ikimshika hulala siku tatu, nne, na kazi yangu inakuwa kumkanda kwa maji ya moto na kumlazimisha anywe uji. Ana miaka kumi na tisa, mama yake ni marehemu, tunaishi wawili hapa Gungu, si mbali na ziwa. Kwa hiyo aliponiomba gemu la kompyuta sikumkatalia papo hapo, kama ninavyomkatalia mambo mengine.

Nilimuuliza la nini. Akasema akicheza, maumivu yanakaa mbali kidogo. Nikauliza gemu gani. La kupiga risasi, akasema, na macho akayaangusha.

Sipendi bunduki. Miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita kwao, nilimlaza mama mmoja na wanawe chumba cha uani. Mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni, wale watoto wako chini ya kitanda. Leo mtu wa nyumba hiyohiyo anataka mlio ule kwa kuulipia.

Lakini mimi nimeuza dagaa maisha yangu yote, na bidhaa siisemi kabla sijaionja. Nikamwambia alete.

Kumbe la kuonja lipo, mwanzo wake wanautoa bure. Akaniwekea kompyuta mapajani, akanionyesha vidude vya kubonyeza. Humwoni mwenye bunduki, unaona mikono tu na mtutu, kwa sababu mwenye bunduki ni wewe. Kuta zilikuwa za vigae vigae, na adui anayekujia kama amekatwa kwa shoka. Nikasema hili limechakaa. Akacheka, akasema ni jipya kabisa, wamelitengeneza makusudi lifanane na yale ya ujana wa mama yake. Nikamwambia huko ni kushonewa gauni jipya lenye viraka. Akasema ndivyo wapenzi wa magemu hayo wanavyolitaka.

Nikafa mara tano kabla sijafika mlangoni. Yeye akalichukua, akapita kama anafagia uwanja, na nikaona mabega yake yameshuka, uso umelegea. Hilo nililiona.

Sasa, pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha dagaa, mtu akikuuzia kiroba, juu anaweka dagaa wazima, wanang'aa. Chini kuna mchanga na vichwa. Mnunuzi mwenye akili anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa wa chini, anatafuna. Nikamwambia, "Hapa umenionyesha juu. Nionyeshe chini."

"Chini hakufunguki mpaka ulipe, Bibi."

"Basi mpigie mwenye mali, nizungumze naye."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Mwenye mali yuko Ulaya, akasema, na bei ameiandika, hakuna wa kumwomba apunguze. Wenzake mtandaoni wanalisifu. Nikamuuliza hao wenzake wana mifupa kama yake?

Siku mbili nilizunguka na swali hilo. Daktari simuulizi mambo ya gemu, na shehe wa mtaani najua atakalosema. Mwisho nikatuma pesa kwa simu, bila kujua nimenunua nini. Sijawahi kununua hivyo tangu nilipoanza biashara.

Wiki moja alicheza vizuri. Wiki ya pili mifupa ikamshika saa nne asubuhi, gemu likiwa wazi mbele yake. Akageukia ukutani. Ile mikono ikabaki kwenye kioo na bunduki yake, inasubiri.

Nikamkanda, nikampa dawa, maumivu hayakupungua. Nikavuta kiti.

"Nikuchezee, mke mwenzangu?"

"Utakufa, Bibi."

"Nitakufa. Wewe sikiliza."

Nikabonyeza. Alikuwa amefumba macho, lakini kwa mlio tu alijua nilipo. Akaniambia nimeuparamia ukuta, nirudi nyuma, kushoto, kushoto tena. Nilirudi, nikauparamia mwingine. Nikapiga risasi hovyo kwa sababu alitaka kuusikia ule mlio, na mimi kila ukilia moyo unaruka.

Baadaye akaacha kunielekeza. Nilidhani amelala, nikatazama miguu yake. Vidole vilikuwa vimekunjwa, vimekaza kama ngumi.

Nikaendelea kubonyeza. Sikujua la kufanya jingine.