Nilivyomwaga resini ya kiwanda kwa wivu wa yaya Kalenga

Salamu humu ndani wakuu. Niko Likasi, na haya ninayoandika hata mke wangu hayajui. Sitaongeza chumvi, aibu yake inatosha.

Enzi za Zaïre nilikuwa laboratoire, yaani maabara, ya kiwanda cha shaba, pale Panda. Maji machafu yalikuwa yanatoka na shaba yake mpaka mtoni, ndipo wakubwa wakaleta resini.

Kwa wasioijua: ni punje za plastiki, ndogo kama mayai ya samaki. Unazijaza kwenye kolona, yaani bomba refu la kioo, unapitisha maji machafu kwa juu. Shaba inanasa kwenye punje, chini yanatoka maji safi. Punje zikigeuka bluu zimeshiba, unaziosha kwa asidi, zinaanza upya.

Kolona zilikuwa mbili. Moja yangu, moja ya yaya Kalenga (kwetu yaya ni kaka mkubwa). Atakayefanya vizuri anakuwa chef, mkuu wa atelier (karakana) mpya, na anapewa nyumba ya cadre, zile za wakubwa wa kazi, yenye maji ndani. Mke wangu alishaanza kushona mapazia.

Sasa sikieni. Mimi nina diplôme, Kalenga fundi bomba tu. Lakini kolona yake inapitisha maji siku nzima, yangu saa nne imeziba! Nikimsikia anapiga mluzi, naona ananicheka. Wivu ulinishika haswa.

Nikaanza kumchungulia. Kila asubuhi anafunga mpira wa maji chini ya kolona, dakika chache, anautoa.

Kumuuliza? Mimi? Thubutu.

Siku moja nikamtangulia. Nikafunga mpira chini ya kolona yangu, nikafungulia maji mpaka mwisho. Punje zote zikapanda, zikamwagika kwa juu, zikaishia mtaroni. Resini ya kutoka Ulaya, tuliyoingoja miezi. Nikabaki nimeshika mpira.

Kalenga akanikuta hivyo hivyo. Akafungua kolona yake, akapima nusu, akajaza yangu.

Kwa nusu nusu ile, zote mbili zikashiba mapema. Injinia aliyetusimamia akauliza imekuwaje. Mimi naangalia viatu vyangu. Kalenga akajibu, "Chef, résine ilipunguka. Tuligawana."

Basi. Kazi na nyumba akapewa mtu wa kutoka Kolwezi, ambaye hajawahi kushika punje hata moja.

Jioni tunasukuma baiskeli kurudi kambi ya wafanyakazi, nikamuuliza ule mpira ulikuwa wa nini. Akanieleza vizuri tu: maji polepole kutoka chini, punje zinyanyuke kidogo, uchafu utoke. Halafu akasema,

"Mudogo, miye nilikuwa namona vile unaniangalia kila asubuyi. Nilikuwa nakungojea uniulize."

Mngedhani wivu uliisha hapo. Wapi! Ulizidi, maana sasa amenishinda na roho pia.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu Kalenga ndiye ametuharibia. Tangu siku hiyo mke wangu hakumpa mkono mke wa Kalenga kanisani, mpaka yule mama tukamzika.

Nilichojifunza: swali moja lilinishinda, na lingenichukua dakika moja.

Kalenga yu hai, mzee sasa. Jumapili bado ananisalimia, na mke wangu bado anageuza uso.

Nyie mngeanza kumwambia nani kwanza ukweli wa uongo wangu, yeye au mke wangu?