Mawe Ndani ya Boksi

Tlelima Ramonaheng alijifunza kusoma kwenye boksi la mishumaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akichunga kondoo wa baba yake mdogo kule malishoni juu, ambako theluji ikianguka mtu hushinda kibandani siku nne akitazamana na mbwa. Boksi hilo lilikuwa limeziba tundu la ukuta. Alilikodolea macho majira yote ya baridi, akimuuliza kila mchungaji aliyepita hii ni herufi gani na ile ni gani, na baridi ilipokwisha alikuwa anasoma. Cheti alikuja kukipata akiwa na ndevu.

Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya kijiji chao, na bado alikuwa mtu wa maboksi. Kila mwisho wa wiki alipita dukani kwa Mme Mapontsho, maana kwao mama huitwa mme na baba ntate, kuchukua yale matupu, ya sabuni na ya mafuta ya kupikia.

"Ntate Tlelima, wenzako wa umri huo wanaomba ugoro, wewe unaomba maboksi," mwenye duka alimtania. "Unajitengenezea jeneza?"

"Nikifa mtanikunja, Mme. Nitaenea."

Darasani watoto walikata milango na madirisha, wakabandika kuta kwa uji wa unga, mpaka nyuma ya madawati kukasimama kijiji kizima. Wageni walikipenda. Yeye mwenyewe hakukipenda kiasi hicho. Alikumbuka mantlwane za kweli, vijumba vya mawe ambavyo watoto walijijengea kando ya kijito. Walioana humo, wakapika ugali kwenye makopo, wakasutana kama watu wazima, na mkubwa aliyekuwa na safari ya upande ule alizunguka mbali asije akawavurugia. Hakuna aliyewafundisha. Leo mchezo umeingizwa kwenye ratiba, saa nne mpaka saa nne na nusu, na una alama zake. Mtoto asipofundishwa kucheza hukaa ameinamia simu ya shangazi yake mpaka shingo ipinde. Kijito chenyewe kimekauka, yamebaki machupa na nepi. Basi Tlelima akawaletea maboksi, kama mtu anayempa mgonjwa uji kwa kuwa nyama haipiti tena kooni.

Mwaka huo alikuwa na mtoto asiyesema. Jina lake Nthofeela, maana yake kitu tu, jina analopewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa, ili kifo kimdharau. Kifo kilimdharau kweli, kikamchukua mama yake. Mama huyo alikuwa akifanya kazi za ndani huko Durban, na gari lilipinduka njiani akirudi nyumbani kwa Krismasi. Tangu maziko Nthofeela hakutoa neno, si kwa bibi yake aliyebaki kumlea, si kwa watoto wenzake, si kwa mwalimu.

Mwalimu mkuu, Mme Mateboho, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makaratasi.

"Ofisa wa elimu anakuja Ijumaa kumsikiliza," alimwambia Tlelima. "Asipoongea, Jumatatu anapelekwa bweni, kule kwenye shule maalumu ya tambarare."

"Kule ni siku nzima ya safari. Bibi yake atabaki na nani?"

"Ntate, kanuni sikuitunga mimi. Mfanye aongee. Hata akikutukana, tutaandika."

Jumatano Tlelima alimletea boksi kubwa, lililokuja na jokofu la zahanati. Aliliweka pembeni peke yake, mlango ukielekea ukutani, na ndani akatia kokoto chache. Hakumwambia ajenge nini. Alhamisi wenzake walipotoka kucheza, mtoto aliingia humo, na baada ya kitambo mwalimu akasikia jiwe likigonga jiwe.

Alikuwa hajaisikia sauti ile kwa miaka ishirini. Masekitlana. Mtoto hushika jiwe akaligonga juu ya jingine, na mawe yakawa watu, baba, mama, jirani, kila pigo na neno lake. Humo mtoto husema yale yaliyomshinda kuyasema mbele za watu. Na zamani kila mtu alijua bila kuandikiwa kwamba mkubwa haulizi, hajibu, wala harudii alichokisikia. Mama yake Tlelima aliwahi kusengenywa na binti yake kwa mawe kutwa nzima, hatua tatu kutoka alipokaa. Aliendelea kupepeta mtama, na wakati wa kula akampakulia binti kama kawaida.

Tlelima aligeuka akalipa boksi mgongo. Akachukua penseli za watoto, akaanza kuzichonga kwa wembe.

"Huyu ni mama," sauti ilisema, imekwaruza kwa kukaa bila kutumika. Jiwe likagonga. "Mama anasema, kazi nyingi, nitakuja Pasaka." Likagonga tena. "Mtoto anasema, hapana, njoo Krismasi. Usipokuja sikupendi tena." Likagonga mara mbili. "Mama anasema, haya, kichwa ngumu wewe, nakuja."

Jiwe likagonga mara moja, polepole.

"Mtoto ndiye kamwita. Mtoto ndiye kamuua."

Penseli ilikatika mkononi mwa mzee. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi.

"Si wewe, mwanangu. Hukumuua. Si wewe!"

Mawe yalinyamaza. Kupitia dirisha lililokatwa alimwona mtoto amemtumbulia macho kama mtu aliyefumaniwa akioga. Nthofeela aliyaweka mawe chini, moja, kisha la pili. Akatoka, akaenda kukaa kwenye dawati lake, mikono juu ya meza, kama walivyofundishwa.

Mwalimu alibaki pale sakafuni. Miaka yote alikuwa akiwasimanga walimu vijana kwamba hawajui lolote, kwamba wameitupa mila jalalani. Hao wangeingilia kwa kutojua. Yeye aliingilia akijua.

Ijumaa ofisa alifika. Alikuwa kijana aitwaye Letlatsa, viatu vinang'aa, simu mbili. Alikisifu kijiji cha maboksi na kukipiga picha, kisha akamwinamia Nthofeela.

"Unaitwa nani, mrembo?"

Nthofeela aliinamisha kichwa.

"Pipi unapenda?"

Aliiweka pipi kwenye dawati. Mtoto aliitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Wakaenda ofisini kwa Mme Mateboho. Letlatsa akafungua fomu.

"Mwalimu, amewahi kuongea hapa shuleni? Hata mara moja inatosha, atabaki. Ndiyo au hapana. Kama ndiyo, andika maneno yenyewe, halafu nitamsomea aitikie kwa kichwa. Ndio utaratibu."

"Jana aliongea."

"Yesu wangu!" Mme Mateboho aliruka kitini. "Na umekaa nayo tu, Ntate? Aliongea na nani?"

"Na mawe."

Letlatsa alicheka. "Mzee wangu, mimi nimekulia Maseru. Kule mawe tunatupia mbwa."

Lakini Mme Mateboho hakucheka. Uso ulimbadilika, akashusha sauti.

"Masekitlana?"

"Masekitlana."

"Sema tu, Ntate. Maneno mawili matatu. Si mtoto anabaki?"

"Ulicheza utotoni, Mateboho?"

"Nani hakucheza?"

"Mama yako aliwahi kwenda kukusomea uliyoyasema?"

Mme Mateboho alichezea kifuniko cha kalamu.

"Mama yangu hakuwa na fomu," alisema.

Tlelima aliivuta karatasi. Maneno aliyakumbuka yote, na nafasi iliyoachwa ingeyatosha. Akilini akamwona Letlatsa amesimama mbele ya dawati lile, akiyasoma kwa sauti yake ya mjini, *mtoto ndiye kamuua*, na darasa zima likigeuza shingo. Kuandika uongo kusingefaa kitu, maana mtoto asingeuitikia. Aliandika Hapana, akatia sahihi, akairudisha.

Bibi alikuwa amekaa nje kwenye kizingiti, amejifunga blanketi mpaka kidevuni. Alisimama kwa taabu.

"Imekuwaje, mwanangu?"

"Anaondoka Jumatatu, Mme."

Bikizee alilikaza blanketi. Kisha akauliza, "Wewe ulijaribu?"

"Nilijaribu."

"Basi Mungu akulipe mema," alisema, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Tlelima alitaka kuutoa, asipate nguvu.