Macho ya Miaka Kumi na Mitatu

Itangazwe kwa wenye elimu na wasio nayo, kwa watawa, maprofesa na wachuuzi wa samaki, kwamba fumbo lililowakosesha wenye hekima usingizi tangu enzi za wafalme limefumbuliwa. Fumbo lenyewe mnalijua. Maandiko yetu yanamfuata Budha tangu tumboni mwa mamaye, yanahesabu hatua alizopiga siku ya kuzaliwa, yanatutajia hata jina la farasi wake. Kisha yanamwoza akiwa na miaka kumi na sita na kufunga mdomo mpaka anapotoroka nyumbani akiwa na ishirini na tisa. Miaka kumi na mitatu! Hapo katikati kuna maneno machache juu ya majumba matatu na wacheza ngoma, basi. Sasa jibu limepatikana. Liko ukutani, hekalu la kijiji chetu cha Galpotugama, mkono wa kulia ukiingia, chini kidogo ya kinyesi cha popo. Aliyelileta duniani ni Horatala, fundi rangi, mume wa dada yangu, mtu mwoga kuliko wote niliowahi kula nao wali.

Nyoka hakuwaogopa. Tulishamwona akimwondoa swila jikoni kwa mwiko. Aliogopa macho. Nenda sokoni ukatazame kazi zake: vichwa vyote kwenye kibao cha kinyozi vimevaa miwani ya jua, na ng'ombe wa duka la mtindi ametugeuzia mgongo, anaonyesha mkia. Wateja walilalamika mwanzoni, baadaye wakazoea, wakadhani ndiyo mtindo wa mjini.

Woga huo aliurithi kama wengine wanavyorithi shamba. Kwetu picha ya Budha ni rangi tu mpaka itiwe macho, na macho hayatiwi ana kwa ana. Fundi anaipa picha mgongo, mtu anamshikia kioo, naye anapaka kwa kupitisha brashi juu ya bega lake, akitazama kioo tu. Akimaliza anafungwa kitambaa usoni na kuongozwa nje kama kipofu, kwa maana radi ya yale macho imemwingia katika yake, na chochote atakachokiona kwanza ndicho kitakachopigwa. Ndiyo sababu huwekewa chungu cha maji. Anakiona, anakivunja kwa upanga, radi inaishia hapo, watu wanakula wali wa nazi.

Baba yake, mzee Kiri, alifanya hivyo mara nyingi na akazeeka salama. Mara ya mwisho kitambaa kililegea mlangoni. Mzee akainua mkono wa kulia akishike, na kitu cha kwanza alichokiona duniani kikawa ni huo mkono. Akavunja chungu, akala, akarudi nyumbani. Kabla ya msimu wa mvua kuisha mkono ulikuwa unaning'inia kama kambale mfu. Daktari alitaja ugonjwa wa mishipa, na sisi tukamwitikia kwa heshima. Mzee alikula kwa mkono wa kushoto mpaka kufa, amegeukia ukuta ili watu wasimwone, na Horatala ndiye aliyekuwa akimmenyea ndizi. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, Horatala hukunja vidole vyake na kuvikunjua.

Sasa lile hekalu. Paa lilivuja, maji yakateremka ukutani kama yanayojua njia, yakabomoa lipu mahali pamoja tu: kati ya picha ya harusi na picha ya kutoroka juu ya farasi. Hapo wazee wetu walikuwa wamechora maua. Hawakuwa wajinga. Palipokosa habari walipanda bustani.

Aliyejitolea kutengeneza paa na ukuta ni Wilbert Mudalali, mwenye duka la pilipili manga na popoo, mwenye tumbo linaloingia chumbani kabla yake. Alikuwa na sharti moja: maua hayataki. Anataka kuona Bwana wetu alifanya nini miaka ile. Na kwa kuwa hakuna ajuaye, yeye alikuwa anajua. Bwana wetu, wakati ule bado mwana wa mfalme, alisafiri, akafika kwenye kisiwa hiki, kwenye kijiji hiki hiki, akaketi kitini akapimiwa pilipili manga na mtu mmoja mwaminifu mwenye masharubu. Masharubu yenyewe alileta mfano wake, picha ya marehemu babu yake.

Mtawa mkuu, Mtukufu Sumanatissa, aliliangalia paa, akaliangalia anga, akasema kwamba maandiko hayasemi kwamba hakuja.

Horatala alichora. Babu wa Mudalali alitoka vizuri, na mizani yake, na macho yake mawili ya kupimia punje pungufu. Macho ya mfanyabiashara hayana radi. Duka likajaa magunia. Mwana wa mfalme akaketi kitini, taji kichwani, mkono gotini, uso wa kupendeza, na penye macho matundu mawili meupe kama mayai ya kuchemsha. Hapo brashi ikasimama.

Alikwenda kwa mtawa nami nikiwapo. Alipiga magoti, akaeleza kwamba Bwana akiwa mtoto mchanga anatiwa macho ana kwa ana, hivyo ndivyo yeye Horatala alivyofundishwa na babu yake, kwani bado ni mtoto wa watu. Bwana akiwa Budha, hapo ni kioo, kitambaa na chungu. Lakini huyu wa katikati?

"Mwaka ule alikuwa amefika wapi, Mtukufu?"

"Vitabu havisemi."

"Basi na mimi sijui nimesimama mbele ya mtu au mbele ya radi."

Mtawa alimshauri atumie kioo tu, kujihadhari. Horatala akatikisa kichwa. Kama huyu ni mtu tu, anayenunua pilipili, na yeye akampa macho ya Budha kwa ibada nzima, si atakuwa amewasha moto ambao mbingu bado haijauwasha? Na akimtia ana kwa ana, halafu kumbe mwenyewe alishafika mbali ndani ya moyo wake, kimyakimya, bila kumwambia mwandishi yeyote? Mtawa akaagiza chai.

Wiki zile ndizo zilizokuwa mbaya. Tulizoea kuingia hekaluni kama mtu anavyoingia kwa shangazi, sasa tukaanza kupitia upande wa kushoto. Wanawake waliacha kuweka maua chini ya ukuta ule. Mlinzi alihamisha mkeka wake, akadai ni kwa ajili ya mchwa. Bibi Gunavati, ambaye amezika waume wawili na hajawahi kuogopa chochote chenye suruali wala msuli, alisema yule pale ukutani anamfuata kwa macho. Tukamwambia, bibi, hana hata macho. Akasema, "Mwenye macho unajua anaangalia wapi. Asiye nayo anaangalia kote." Baada ya hapo hata mimi, niliyekuwa nawacheka wote, nilijikuta nikitembea kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Nyumbani, Horatala aliacha kula kwa mkono wa kulia. Dada yangu Somalata alimtazama siku ya kwanza, siku ya pili akaweka kijiko mezani kwa kishindo.

"Baba Kusuma, mkono umekufa?"

"Bado. Najizoesha."

Dada alitoka nje akalia nyuma ya mfenesi. Kisha akarudi akamwambia aende kwa Mudalali akakatae kazi. Alikwenda. Mudalali alimpokea kwa tambuu na kicheko, akamwambia mnajimu ameshatoa saa njema, ngoma zimeshakodiwa, na wageni wameshaalikwa.

"Fundi, unatia macho au unatia visingizio? Mimi mwenyewe nitasimama karibu na chungu. Kuna ubaya gani?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Saa njema ilikuwa jua likianza kutoka. Uwanja ulijaa. Mudalali alivaa msuli mweupe hata ukaumiza macho, akasimama hatua moja tu kutoka kwenye chungu, tumbo mbele. Mimi na Horatala tuliingia, mlango ukafungwa. Kazi yangu ilikuwa kushika kioo na kufumba macho, na sikuhitaji kukumbushwa. Niliyakaza mpaka nikaona nyota. Nje ngoma zikaanza. Ndani nilisikia harufu ya mafuta ya taa, nikasikia popo mmoja akigeuka usingizini, na pumzi ya Horatala, fupifupi kama ya mbwa mgonjwa.

Brashi iligusa bakuli. Ikaacha. Ikagusa tena. Nilimwaza mzee Kiri amegeukia ukuta na sahani yake. Niliwaza, kama shemeji akianguka hapa, nifumbue macho au nimburute nikiwa nimefumba? Halafu nikasikia brashi ikipita ukutani, mara moja, mara ya pili.

"Weka kioo chini, shemeji," alisema.

Sikukiweka. Akanipokonya. Nikahisi akipita mbele yangu, akisukuma mlango, bila kitambaa.

Niliyoyaona nilipofumbua macho sitayasahau. Horatala alisimama kwenye ngazi, macho wazi, na uwanja mzima ukageuka. Watu walianguka kifudifudi, wapiga ngoma wakajificha nyuma ya ngoma, mnajimu akajitumbukiza kwenye mtaro wa maji. Mudalali, aliyekuwa ameomba kusimama karibu, alikinyakua chungu akakivaa kichwani na maji yake yote. Akabaki hivyo, akitiririka, akisema kwa sauti ya ndani ya chungu kwamba ana watoto, ana watoto.

"Ondoeni hofu," Horatala alisema. "Hakuna kilichofunguliwa."

Tuliingia mmoja mmoja, tukichungulia kupitia vidole. Mwana wa mfalme alikuwa pale pale kitini, mkono gotini. Penye yale mayai mawili palikuwa na mistari miwili tu, imepinda kidogo kuelekea chini. Amelala. Mbele yake babu wa Mudalali amesimama na mizani, ametoa macho, anamsubiri mteja aamke.

Mudalali, alipovuliwa chungu, alipiga kelele kwamba Bwana wetu ametiwa usingizi dukani kwa babu yake kama mlevi. Alitaka pafutwe siku hiyo hiyo. Lakini Bibi Gunavati alikuwa ameshaweka maua chini ya ukuta, ya kwanza baada ya wiki nyingi, na nyuma yake wanawake walikuwa wamepanga foleni. Mtawa aliwaona, akaona na vigae vipya, vilivyokwisha kulipiwa, juu ya kichwa chake, akapata ufunuo. Akasema hiyo ndiyo sababu vitabu vimeruka. Nani anaandika usingizi wa mtu?

Neno hilo lilitembea. Walikuja wenye kamera, kisha wenye digrii. Mmoja aliandika kwamba ule ukimya wa maandiko ni kope zilizoshushwa. Mwingine akamjibu kwa kurasa nyingi zaidi kwamba si kope, ni pazia. Mwaka jana alifika profesa mwenye ndevu za mbuzi, akamkuta Horatala barazani anakula wali na mchuzi wa fenesi kwa mkono wa kulia. Alikaa chini kwenye vumbi, akaunganisha viganja, akamwomba amwambie ni baada ya tafakuri ya muda gani, na kwa mwongozo wa mwalimu yupi, ndipo siri ya miaka ile kumi na mitatu ilipomfunukia.

Horatala alimeza tonge, akajilamba vidole kimoja kimoja.

"Niliogopa kumtia macho," alisema.